Neno Faragha na Abiria Aliye Mbele ya Kamera

Makala haya yahusu neno moja na mtu mmoja. Neno ni faragha, na mtu ni abiria. Kwa muda mrefu hawa wawili hawakuwa na sababu ya kukutana katika maandishi ya wataalamu wa lugha, kwa kuwa aliyepanda gari la watu wengi alihesabiwa kuwa ameiacha faragha yake nyumbani pamoja na kitanda chake. Sasa wamekutanishwa na chombo cha tatu, yaani kamera itundikwayo darini mwa basi, mlangoni mwa behewa na juu ya nguzo za kituo, ikipiga picha mchana kutwa na usiku kucha na kuziweka mahali asipopajua abiria. Hapo pamezuka swali la haki; na swali la haki likisemwa kwa Kiswahili halikosi kuwa pia swali la msamiati.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba jambo hili ni la wanasheria, na sisi hatuna letu humo. Sikubaliani nao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zamani neno la Kiswahili lenye kasoro liliweza kusamehewa, kwa sababu nyuma yake palikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochukuliwa kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kinga hiyo inaondoka. Neno tunalolijadili leo katika kurasa za jarida, kesho laweza kusomwa na hakimu, na mtu akapata haki yake au akaikosa kwa ajili ya maana tuliyoiacha bila kuitazama.

Hoja yangu ni hii: neno faragha, tulilolichagua kuwa ndilo jina la haki ya mtu ya kutoingiliwa, ni neno la mahali, na kwa kuwa ni la mahali, lamwacha abiria nje. Lugha yetu inalo neno jingine ambalo lamfuata mtu hata katikati ya umati, na neno hilo tumeliachia mavazi na mazishi.

Tuanze na chombo chenyewe na majina yake. Mitaani watu husema kamera za sisitivii, wakizitaja herufi nne za Kiingereza kama jina moja, na wachache waweza kueleza herufi hizo zasimamia nini. Matangazo rasmi hupendelea kamera za ulinzi au kamera za usalama. Majina haya mawili hayaelezi kifaa, yaeleza nia ya mwenye kifaa, na nia hiyo twaombwa tuikubali kabla hatujaiuliza. Mlinzi tumjuaye husimama langoni, hujulikana kwa jina, husalimiwa, na pengine husinzia. Tena kitenzi kulinda chataka yambwa: analinda nini? Kamera iliyomo ndani ya basi yaweza kumlinda abiria na mwizi wa mifukoni. Yaweza kulilinda gari. Na yaweza vilevile kuilinda hesabu ya tajiri isipunguzwe na konda. Haya ni mambo matatu mbalimbali, nalo jina kamera ya ulinzi layafunika yote kwa shuka moja. Kuhusu usalama sina haja ya kusema mengi: kila Mtanzania ajua kwamba watu wa usalama si wale wanaouza mikanda ya gari.

Upande wa pili wako wasemao upelelezi. Neno hili lina dosari iliyo kinyume, maana humhesabu kila atazamwaye kuwa mtuhumiwa na kila atazamaye kuwa na hila. Ufuatiliaji nao umekwisha kuchukuliwa na mipango ya maendeleo, ambako huandamana na tathmini kama pacha. Mimi napendelea uangalizi. Mgonjwa huwekwa chini ya uangalizi wa daktari, na mfungwa huwekwa chini ya uangalizi wa askari. Neno halisemi kama jambo ni jema au baya, nalo laacha swali wazi.

Sasa faragha. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya utupu: nafasi isiyo na kitu, au wakati usio na shughuli. Maana zote mbili zimo katika Kiswahili cha kale, na kamusi zetu za awali hulieleza neno hili kwa upande mmoja kuwa ni hali ya kujitenga na watu, na kwa upande wa pili kuwa ni nafasi au wasaa. Tazama jinsi litumikavyo katika usemi. Twasema walizungumza faraghani, kwa kiambishi cha mahali. Twasema alimwita faragha, yaani alimtoa katika watu akampeleka kando. Hatusemi mtu ana faragha sokoni, wala hatusemi alibeba faragha yake akapanda nayo basi. Faragha hupatikana pale watu wanapokuwa hawapo, wakija, imekwisha.

Neno hili liliingia katika lugha ya haki kwa njia ya tafsiri. Kifungu cha 12 cha tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, katika Kiswahili chake, chataja mambo ya mtu ya faragha pamoja na jamaa, nyumba na barua zake. (Tafsiri hiyo, kwa njia, yaitwa Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu, taarifa wakati ule ilikuwa tangazo kuu la mataifa, na leo, katika sheria ya 2022, taarifa ni namba ya simu ya mtu, alama za vidole vyake na sura yake. Maneno nayo hubadili kazi.) Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ilipoongezewa haki za binadamu kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, ilifanya jambo la kupendeza. Neno faragha limewekwa katika kichwa cha ibara ya 16, likiwa limefungwa pamoja na usalama wa mtu, kana kwamba waandishi walikwisha kuona kwamba hawa wawili watakuja kugombana. Lakini ndani ya ibara ndogo ya kwanza, iliyotaja haki yenyewe, halimo. Humo yametajwa nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, na kwa hayo yote ameahidiwa vitu viwili: heshima na hifadhi.

Katika orodha hiyo abiria ana nini? Unyumba na maskani ameviacha nyuma. Familia yaweza kuwa naye au isiwe. Mawasiliano anayo, kama simu yake imo mkononi na jirani yake haichungulii. Yaliyobaki ni nafsi na maisha binafsi, na haya mawili ndiyo pekee ayabebayo mtu popote aendapo. Nashukuru kwamba waandishi waliyataja. Walakini msomaji aanzaye na kichwa cha habari, kama tufanyavyo wengi, huingia ndani ya ibara akiwa tayari na picha ya chumba kilichofungwa mlango.

Wala jambo hili si udhaifu wa Kiswahili peke yake. Wamarekani walipita njia hiyo hiyo kwa Kiingereza chao. Katika mji wa Washington kampuni ya usafiri iitwayo Capital Transit ilitia vipaza sauti katika tramu na mabasi yake, abiria wakawa wanasikilizishwa muziki, habari na matangazo ya biashara, watake wasitake. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Juu, iliyolikata mwaka 1952. Majaji walio wengi, kwa kalamu ya Jaji Burton, walisema kwamba haki aliyo nayo mtu nyumbani mwake haimfuati kwa ukamilifu huo huo ndani ya chombo cha umma. Jaji Douglas alipinga. Alieleza kwamba mtu hapandi tramu kwa kupenda; hupanda kwa kuwa lazima afike kazini, na kwa hiyo amefungwa humo mpaka ashuke. Jaji Frankfurter alijitoa katika shauri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa abiria wa vyombo hivyo na alikuwa ameyachukia mambo hayo kiasi cha kutoamini kwamba angeweza kuamua bila upendeleo. Shauri lile lilikuwa la sauti, si la picha. Lakini mgawanyo wa hoja ndio huu tulio nao leo: wengi walipima haki kwa mahali, mmoja akaipima kwa hali ya mtu.

Neno abiria lamuunga mkono Jaji Douglas. Latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuvuka au kupita, na Kiswahili kinacho kitenzi kuabiri, yaani kusafiri katika chombo cha mwingine. Msafiri aweza kwenda kwa miguu, abiria hawezi. Abiria ni mtu aliyeikabidhi nafsi yake kwa nahodha kwa muda wa safari, na mkataba wake ni nauli, neno la mabaharia pia. Yafaa kukumbuka kwamba magari yetu ya mjini yalipewa majina kutokana na nauli yake: daladala kwa dala, yaani shilingi tano, na matatu, kama wasemavyo wengi, kwa sarafu tatu za senti kumi. Watu walilipa jina la bei gari lile kwa sababu bei ndiyo iliyokuwa mapatano yote. Mwenye gari anichukue anishushe. Mimi nimpe dala. Sura yangu haikuwa sehemu ya nauli. Tena abiria ni mpitaji, na mpitaji haachi kitu nyuma yake ila pengine mwavuli uliosahauliwa. Kamera imeliondoa hilo: mtu ashuka, sura yake yabaki.

Nageukia neno la pili. Sitara, ambalo wengine hulitamka stara, nalo ni la Kiarabu, katika mzizi wa kufunika. Twalijua zaidi katika mavazi, na kwa sababu hiyo wengi hulidhani kuwa dogo. Lakini tulisikilize vizuri. Mtu aliyejenga kibanda husema amepata pa kujisitiri. Aliyepungukiwa na kitu mbele ya wageni, jirani akamletea unga kwa mlango wa nyuma, husema jirani amemsitiri. Maiti akizikwa twasema amesitiriwa. Na hapa pwani, wakati wa kumteremsha maiti kaburini, watu hushika shuka juu ya kaburi mpaka kazi iishe. Mtu huyo yumo katikati ya umati. Pengine hajapata kuzungukwa na watu wengi kama siku hiyo. Faragha hana hata chembe. Sitara anayo, kwa kuwa watu wale wale walio karibu wameishika shuka.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka ionekane. Faragha huletwa na kutokuwapo kwa watu. Sitara huletwa na watu waliopo. Faragha ni ukuta, sitara ni adabu. Nyumba ya Mswahili huonyesha zote mbili: ndani mna chumba ambamo mgeni haingii, na nje pana baraza ambapo kila mpita njia hukuona umeketi. Barazani hapana faragha, lakini mtu hapigwi macho, hachungulii kilicho mikononi mwa mwenzake, wala hasimuliwi kesho yake jinsi alivyopiga mwayo. Kati ya sehemu hizo mbili ipo hodi, ambayo ni ombi la ruhusa lililofanywa kuwa salamu. Daladala lenye watu wa kusimama ni baraza liendalo kwa magurudumu. Tumebanana, kwapa la huyu limo puani mwa yule, na bado kila mmoja hutazama dirishani au kisogo cha aliye mbele yake. Huko kutazama dirishani ni sitara.

Atakayedai kwamba abiria hana cha kupoteza kwa kuwa yumo hadharani, na ayakumbuke yaliyotokea Kenya mwaka 2014. Mwaka huo, katika stendi na ndani ya magari ya abiria, wanawake kadhaa walivuliwa nguo kwa nguvu na makundi ya wanaume, na picha zilizopigwa kwa simu zikasambazwa kwa maelfu ya watu. Watu waliandamana Nairobi mwezi Novemba, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya makosa ya jinai iliongezewa kifungu mahsusi kuhusu kosa hilo. Wanawake wale walikuwa mahali pa watu wote. Kwa kipimo cha faragha hawakuwa na kitu cha kuporwa. Hakuna Mswahili atakayeukubali upuuzi huo, na neno ambalo moyo wake utalitoa ni kwamba walivunjiwa sitara, mara ya kwanza kwa mikono na mara ya pili kwa picha. Lakini, na hapa mambo hayanyooki, picha hizo hizo ziliwafikisha baadhi ya watenda kosa mahakamani. Mwaka 2017 wanaume watatu walitiwa hatiani kwa tukio moja lililotokea ndani ya basi. Kitu kile kile kilifunua na kilihukumu. Asiyekubali yote mawili hajalifikiri jambo hili mpaka mwisho.

Sarufi yetu yatusaidia kuona kinachobadilika kamera inapoingia. Katika mzizi -ona tunayo kuonana, kuonekana na kuonwa. Abiria ndani ya gari wanaonana: kila aonaye aonwa, na usawa huo ndio unaozaa adabu, kwa kuwa nikikukodolea macho utaniona nikikukodolea. Vilevile abiria aonekana. Hilo amelikubali alipopanda, na kuonekana hakutaki mtendaji. Kamera yafanya jambo la tatu. Kwa hiyo abiria aonwa, na kauli ya kutendwa yadai tuulize: na nani? Lugha ya Kiingereza hulitumia umbo moja kwa kuonekana na kuonwa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya watetezi wa kamera kupata urahisi wa kusema kwamba aliyetoka nje amekubali kuonwa. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haipiti. Aliyetoka nje amekubali kuonekana. (Kwamba mzizi huu huu umezaa kuonea na kuonewa, yaani dhuluma, ni bahati ya lugha ambayo sitaki kujenga hoja juu yake, ingawa sikuweza kuipita kimya.)

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilipanda kila siku mabasi ya London ya ghorofa mbili. Karibu na ngazi pana kioo kidogo kinachoonyesha picha za ndani ya basi, kamera moja baada ya nyingine, na abiria hujiona humo akitafuta kiti. Mwanzoni nilikichukia. Baadaye niliona kwamba kina uungwana wa aina yake, maana angalau hakimfichi abiria kwamba anapigwa picha, nacho humrudishia sehemu ndogo ya ule usawa wa kuonana. Wapo walioshika njia kinyume. Mwaka 2016, baada ya mtu kuuawa ndani ya treni ya BART katika eneo la San Francisco, ilijulikana kwamba kamera nyingi katika mabehewa zilikuwa za bandia au hazifanyi kazi: maboksi matupu yenye taa. Kwa mwanaisimu hiki ni kisa cha kufundishia, ishara isiyo na kirejelewa. Kamera zile hazikumwona mtu yeyote, na bado zilimfanya kila abiria kukaa kama aonwaye. Hazikumlinda marehemu. Shirika hilo la usafiri liliahidi kuweka kamera za kweli katika mabehewa yote.

Lakini kuonwa si mwisho wa safari, maana baada yake huja kutambuliwa, na baada ya kutambuliwa huja kukisiwa. Katika kituo cha Willesden Green, kaskazini-magharibi mwa London, tangu Oktoba 2022 hadi Septemba 2023 mamlaka ya usafiri ilijaribu programu za kompyuta zilizosoma picha za kamera zilizokuwapo tangu hapo. Programu 11 zilitafuta mambo mengi: mtu aliyeanguka, aliyesogelea reli, aliyebeba silaha, aliyeruka lango bila kulipa. Katika muda huo zilitoa maonyo zaidi ya 44,000, na kati yake 19,000 yalipelekwa papo hapo kwa wafanyakazi wa kituo. Kuna mengi ya kusifiwa hapo. Mzee aliyeanguka ngazini afadhali aonwe na mashine kuliko asionwe kabisa. Lakini mashine ilikosea pia. Watoto waliomfuata mzazi langoni walihesabiwa kuwa wakwepaji nauli. Na lililo kubwa kwa hoja yetu ni hili: mwanzoni nyuso zilifichwa kwa ukungu katika picha zote, baada ya miezi kadhaa ukungu uliondolewa kwa wale walioshukiwa kutolipa. Abiria wa kituo kile hakufanya jambo jipya. Alipanda treni kama jana, na sitara iliyokuwapo jana leo haikuwapo.

Kule São Paulo, nchini Brazili, mwaka 2018 kampuni ya ViaQuatro, iendeshayo Njia ya Nne ya treni za chini ya ardhi, iliweka katika baadhi ya milango ya vituo vioo vya matangazo ya biashara vyenye kamera. Kamera zile zilikisia jinsia ya abiria, umri wake, na hata hisia zake alipolitazama tangazo: amefurahi, hakuridhika, au hana habari. Shirika la kutetea watumiaji, IDEC, lilishitaki. Mwaka huo huo mahakama iliamuru kamera zizimwe. Mwaka 2021 kampuni ikaamriwa kulipa reali 100,000, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ikapandisha kiasi hicho hadi 500,000. Kampuni ilikuwa imejitetea kwamba haikumtambua mtu kwa jina. Utetezi huo ni wa kufikiriwa, kwa sababu kwa kipimo cha siri ni wa kweli: hakuna siri ya mtu yeyote iliyotolewa. Uso wa abiria haukuwa siri wala haukuwa faraghani. Kilichochukuliwa kilikuwa tabasamu la mtu anayesubiri treni, likauzwa kwa muuza bidhaa. Faragha haina jibu hapo. Sitara inalo, kwa kuwa mwenye adabu hauhesabu uso wa mwenzake wakati mwenzake yumo njiani.

Sitaki nidhaniwe kuwa mpinzani wa kamera. Baada ya mabomu ya London ya tarehe 7 Julai 2005, yaliyopiga treni tatu na basi moja na kuua watu 52, picha za vituo ndizo zilizowaonyesha polisi wale vijana wanne wakisafiri pamoja na mizigo yao. Mtu aliyepoteza ndugu yake katika basi lile hatanisikiliza nikimweleza tofauti ya kuonekana na kuonwa, na atakuwa na haki. Ila nitamwambia, kama ataniruhusu, kwamba kamera zile hazikuzuia, zilieleza baadaye. Kazi ya kueleza baadaye yaweza kufanywa na picha isiyotazamwa na mtu mpaka itakapohitajika, na ifutwayo isipohitajika. Picha ya namna hiyo imo ndani ya sitara.

Zipo pingamizi mbili dhidi ya neno hili, nazo si nyepesi. Ya kwanza, kwamba sitara ni neno la dini moja na la mwili wa mwanamke, na kulitia katika sheria ni kuwafunga wengine katika adabu isiyo yao. Lakini heshima, haki na sheria zilikuja kwa jahazi lile lile, na leo hakuna anayeziuliza dini zake. Tena kujisitiri katika kibanda husemwa na watu wa bara wa kila imani, wake kwa waume. Pingamizi ya pili ndiyo inisumbuayo zaidi. Kusitiri ni pia kufunika uovu. Familia humsitiri mjomba aliyemdhuru mtoto. Ofisi humsitiri mwizi wake. Je, tunataka sheria inayosema abiria ana haki ya kusitiriwa, na mdokozi ni abiria? Jibu nililo nalo ni kwamba sitara si siri. Siri hufichwa kwa sababu haitakiwi kujulikana. Sitara ni kifuniko kiondolewacho kwa sababu iliyotajwa, na mtu anayetajwa. Kinyume chake ni kufichua, na kitenzi hicho humtaka mtendaji ajitokeze. Hata hivyo nakiri kwamba neno hili peke yake halitoshi katika kifungu cha sheria. Likiandamana na heshima, ambayo tayari imo katika ibara ya 16, laweza kusimama. Faragha nayo ibaki mahali pake, nyumbani, ambako kazi yake yajulikana.

Hayo ni ya watunga sheria na ya Baraza la Kiswahili, na yatachukua muda. Liko jambo dogo liwezalo kurekebishwa kesho asubuhi. Katika majengo na vituo vyetu twasoma: Eneo hili linalindwa na kamera. Mwalimu wa sarufi ataona kasoro mara moja. Katika kauli ya kutendwa, na humtangulia mtendaji, na kwa hutangulia chombo: mti ulikatwa na Juma kwa shoka. Kamera ni shoka. Tangazo limelitia shoka mahali pa Juma, na Juma ametoweka. Tena kilichotajwa kuwa kinalindwa ni eneo. Mtu hamo katika sentensi, wala aliye mbele ya kamera wala aliye nyuma yake. Napendekeza basi, kwa magari ya abiria, maneno ya namna hii:

Katika basi hili abiria hupigwa picha kwa kamera. Picha hutazamwa na mwenye gari, ambaye jina na simu yake vimeandikwa hapa. Huhifadhiwa kwa siku kadha, kisha hufutwa. Hupewa polisi wanapoziomba kwa maandishi.

Mahali pa kadha patiwe namba, na namba hiyo iwe ya kweli. Maneno yote ni kama thelathini, nayo yaenea katika ubao usiozidi ule wa nauli.